Mringeni Si Pori

Nkoalangwa, Usa River
4 Februari 2024

Mdogo wangu Calvin,

Nakusalimu wewe, Magreth na watoto. Huku tu wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo tangu ule upasuaji wa kichwa kule Moshi mwaka jana yamegoma kabisa. La kushoto limekufa. La kulia linasikia radi na pikipiki, basi. Kwa hiyo usinipigie simu. Juzi ulipiga nikabaki naitikia "eh, eh" kama mtu anayesinzia kanisani. Na meseji siziwezi. Siwezi kugombana na mtu kwa kidole gumba. Nimefundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka thelathini na minne, basi acha na mimi niandike.

Maana leo nina ugomvi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda uwanjani Mringeni kufungua bomba la tangi. Bado ni katibu wa kamati ya maji, ufunguo ninao mimi. Nikakuta mawe ya saruji yamechimbiwa ardhini, mapya, yana namba. Nimeyahesabu kumi na saba. Yameanzia kwenye ukuta wa ile klabu ya Kilele, yakapita chini ya miti yote ya miringaringa, yakashuka hadi hatua mbili chini ya chemchemi, yakapanda tena hadi barabarani. Yaani uwanja wote, Calvin. Chemchemi nayo imo ndani. Na wamesimamisha bango: "Eneo la upanuzi. Klabu ya Michezo Kilele. Hakuna njia."

Hakuna njia! Njia ile mama alipita na wewe mgongoni.

Unajua mimi sina ugomvi na watu wa Kilele. Mpira wao wa tenisi ukiruka ukuta, tunawarudishia. Lakini Mringeni ni pa wote. Pale ndipo mzee Tajeu anapolisha ndama zake kiangazi, pale usharika wa kanisa unafanyia mnada wa mavuno, pale akina Nusura na wenzao wa msikitini wanaswalia Idi, pale timu zote za kata zinachezea mpira bila kulipa kiingilio. Hakuna familia Nkoalangwa iliyopanda masale kuweka mpaka Mringeni, kwa sababu hakuna aliyewahi kudai ni pake.

Wewe ndiwe mpima ardhi pekee ninayemjua tangu hajaota meno. Nimekuandikia namba zote kumi na saba kwenye karatasi ya nyuma. Niambie mawe haya yamewekwa na nani, na kwa ruhusa ya nani. Hilo tu.

Dada yako,
Anyesi


Dodoma
19 Februari 2024

Dada Anyesi,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma na Magreth amecheka sana hapo pa kidole gumba. Sisi hatujambo. Kazi ni nyingi, nimekuwa nikisafiri kila wiki, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Kuhusu yale mawe, zile bikoni, ni vigumu kusema kitu kwa kutazama namba peke yake. Mambo ya upimaji yana taratibu zake, na kwa kawaida mpaka bikoni ziwekwe, ujue vikao vimeshakaa na ridhaa imeshatolewa. Nisingependa uhangaike na jambo ambalo limeshapita ngazi zote.

Dada, tazama na upande wa pili. Kilele wanaleta viwanja vya kisasa. Vijana watapata ajira, barabara itatengenezwa, thamani ya mashamba ya hapo itapanda, hata letu. Majani yapo mlima mzima. Na nina hakika watu wa maji hawatasahauliwa.

Daktari alikuambia upunguze mawazo kwa ajili ya presha. Nakuomba uwaachie jambo hili viongozi. Nimemtuma dereva wa basi na dawa zako za miezi miwili na kitambaa kutoka kwa Magreth.

Mdogo wako,
Calvin


Nkoalangwa
9 Machi 2024

Calvin,

Dawa zimefika, kitambaa kimefika. Jibu halijafika.

Nilikuuliza nani, ukanijibu thamani ya mashamba. Mwanafunzi akinifanyia hivyo nilikuwa namrudishia daftari. Lakini nimesema una kazi nyingi, hukusoma vizuri. Sasa soma hii taratibu.

Jumatano tulikuwa na mkutano wa kijiji. Kwa kuwa sisikii, Nusura alikaa ubavuni kwangu na daftari. Unamkumbuka Nusura, yule anayeuza sambusa pale njia panda. Mkono wake unaandika kasi kuliko mwandishi wa mahakama. Kila kilichosemwa alikiandika, nami nikisoma hapo hapo. Nanakili kwake.

Meneja wa klabu, bwana mmoja anaitwa Dismasi, alisimama na picha kubwa ya rangi. Akasema watajenga viwanja vitatu vya mpira, taa za nguzo ndefu, na maegesho ya magari mia na ishirini. "Na nyasi," akasema, "zitakuwa za bandia, za kisasa kabisa, hazikauki mwaka mzima."

Mzee Tajeu akanyanyua fimbo. "Za bandia ni za nini?"

"Plastiki, mzee."

"Yaani mtang'oa majani ya Mungu mpande plastiki. Na ndama wangu ale nini?"

"Mzee wangu," Dismasi akasema, "ndama si mwanachama."

Wachache wakacheka. Hapo daftari likaanguka magotini kwangu, kwa sababu Nusura alikuwa ameshasimama. Alichokisema aliniandikia baadaye: "Na sisi je? Ada ya mwaka ni shilingi ngapi, ili tujue kama sisi ni watu au ni ndama?" Wanawake wakapiga makofi, hayo niliyaona.

Ndipo mwenyekiti wetu wa kijiji, Emmanuel, akatoa karatasi kwenye bahasha. Akasema tunapoteza muda, ridhaa ilishatolewa, kamati ya maji ilishaikubali ramani tangu tarehe 14 Julai mwaka jana, na katibu wake mwenyewe alisaini. Watu wote wakageuka kunitazama.

Nikaenda mbele, nikaishika ile karatasi. Calvin, niliisoma mara mbili. Jina langu lipo. Chini yake sahihi. Ile A yangu yenye mkia, ile uliyokuwa ukiiiga ukiwa darasa la tatu. Aliyeighushi ana kipaji cha shetani.

Nikasema kwa sauti, sijui kubwa kiasi gani, maana siku hizi sijisikii: "Tarehe 14 Julai nilikuwa nimelazwa Moshi, kitanda namba tisa, kichwa kimefungwa bendeji!" Emmanuel akatabasamu. Akasema, "Mwalimu, umri ni umri." Nimeishi hapa miaka sitini na saba, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuitwa mwongo mbele ya watu niliowafundisha kusoma.

Sasa nakuomba jambo ambalo ni wewe tu unayeweza. Aliyekaa pembeni ya kile kitanda siku hiyo alikuwa wewe. Nenda kwa wakili, andika kiapo kwamba tarehe hiyo nilikuwa hospitalini na sikukaa kikao chochote. Mistari minne inatosha. Kitume haraka, mvua zikipungua wataingiza mashine.

Anyesi


Dodoma
24 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika sana kusikia ulivyosemwa kwenye mkutano. Emmanuel hana adabu.

Lakini kuhusu kiapo, dada, nimelitafakari sana. Kiapo ni kitu kizito. Siku zile nilikuwa natoka na kuingia, siwezi kusema nilikuwa pale kila saa. Na wewe mwenyewe ulikuwa na dawa za usingizi, ulikuwa ukilala, ukiamka, ukiuliza mambo yale yale. Je, haiwezekani kwamba ulisaini kitu kabla au baada, ukasahau? Sisemi kwa ubaya. Hata mimi husahau.

Wewe umelitumikia lile tangi miaka mingi. Labda ni wakati wa kuwaachia vijana. Njoo Dodoma ukae na sisi mwezi mmoja upumzike. Magreth ameshatandika chumba.

Calvin


Nkoalangwa
14 Aprili 2024

Calvin,

Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Nilijiuliza kweli. Nilikaa kitandani nikajipa mtihani: majina ya darasa langu la kwanza, zaburi ninazozijua kwa moyo, bei ya sukari ya kila duka. Nilipata zote. Kisha nikatafuta karatasi ya hospitali: kuingia tarehe 12 Julai, kutoka tarehe 17. Sijasahau chochote, Calvin. Usinitandikie chumba.

Nikueleze ya wiki hii.

Jumanne walizungushia Mringeni seng'enge. Jumatano ilikuwa Idi. Akina Nusura walifika asubuhi na mikeka yao, watoto wamevaa nguo mpya, wakakuta geti na mlinzi. Mlinzi anasema ameagizwa, hawezi kufungua. Nusura akamwambia, "Tunaswali robo saa tu, tunaondoka, hata majani hatuyavunji." Akasema haiwezekani. Mvua ilikuwa imenyesha mno. Waliswali kando ya barabara kwenye matope, magari yakiwapita na kuwarushia maji. Watu wazima, wazee wenye kanzu nyeupe! Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na akina mama wa usharika, tumekuja kuwapa mkono wa Idi kama kila mwaka. Catherine, mke wa mchungaji, alivua khanga yake ya mabegani akaitandika chini ya bibi mmoja aliyekuwa anazama.

Jana Jumamosi likaja katapila. Sikulisikia. Ni mimi, ninayekaa mita mia mbili, sikulisikia! Niliona tu kuku wanakimbia. Tulipofika, miringaringa mitatu ilikuwa imelala, maua meupe bado yapo juu yake, nyuki wamechanganyikiwa. Tulipitia geti lililoachwa wazi kwa ajili ya mashine, tukakaa chini mbele ya tangi, wanawake kumi na moja, na mzee Tajeu akasimama nyuma yetu na ndama zake wawili. Dereva alizima mashine akasema yeye ana watoto, haendi mbele. Mungu ambariki kwa hilo tu. Dismasi alikuja akapiga picha nyuso zetu moja moja na simu yake, halafu akaondoka.

Yote hayo kwa sababu ya karatasi yenye jina langu. Nimebebeshwa aibu ya uwanja mzima. Watoto wa pale kwa jirani wameanza kusema mwalimu aliuza Mringeni.

Nilikuomba mistari minne.

Anyesi


Nkoalangwa
3 Mei 2024

Calvin Nanyaro,

Jana mimi na Nusura tulikwenda halmashauri tukaomba nakala ya ramani ya upanuzi. Karani alikuwa binti niliyemfundisha, Theresia. Alitutolea bila kinyongo.

Nilisoma kuanzia juu. "Matumizi ya sasa ya ardhi: pori lisilotumika." Pori. "Chanzo cha maji ndani ya eneo: hakuna." Hakuna. Maji uliyobatiziwa. Nikamwambia Nusura, "Aliyeandika hivi hajawahi kufika hapa." Nikashuka chini kutafuta jina lake. Nusura alikuwa ameshaliona. Aliweka kidole juu yake akakifunika, akawa anatikisa kichwa, hataki kukiondoa. Ilibidi nimshike mkono niuinue. Lilikuwa jina lako.

Basi sasa nimekumbuka. Nimekumbuka bila dawa za usingizi. Manesi walikuwa wametoa bendeji iliyofunika jicho la kulia. Uliniletea karatasi ukaniambia ni fomu ya bima.

Sahihi ile haikughushiwa. Ni yangu. Ndiyo maana ilinitisha.

Na ukaniandikia kwa mkono wako kwamba labda nimesahau. Ulitaka nijione mimi mwendawazimu ili wewe ubaki msafi. Ardhi ningeweza kuiita tamaa, watu wengi wamewahi kuitamani ardhi. Lakini ile barua ya Machi sina jina la kuipa.

A. Nanyaro


Dodoma
20 Mei 2024

Dada,

Nimeandika barua hii mara tano. Sitakusalimu kwa maneno mazuri.

Ni kweli yote. Kampuni ninayofanyia kazi ilipata kazi ya Kilele mapema mwaka jana. Bosi aliniita akasema wanafungua ofisi Arusha na watahitaji mkuu wa ofisi, na ramani hii ikipita, mkuu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kubeba vifaa porini kwa ajili ya majina ya wengine. Akasema kila kitu kiko tayari, Emmanuel ameshaandaa muhtasari, imebaki sahihi moja tu, ya mwalimu mmoja mkaidi wa kamati ya maji. Hakujua ni dada yangu. Nami sikumwambia. Nilicheka naye.

Nilijua ukisoma hutasaini. Kwa hiyo nilingoja. Nilipokupeleka Moshi nilikuwa nayo kwenye mkoba tangu mwanzo. Siku ya pili, ulipokuwa chumba cha upasuaji, nilichukua gari nikaja Mringeni na kifaa changu, nikapima mchana mmoja, nikarudi kabla hujaamka vizuri. Nilisimama juu ya chemchemi, dada. Viatu vyangu vililowa. Nikaandika hakuna. Chanzo cha maji kingekuwepo kwenye ramani, kisheria ingewabidi waache mita sitini kila upande, na uwanja usingebaki.

Tarehe 14 nilikuletea ile karatasi. Uliniuliza, "Nisaini wapi?" Nikakuonyesha kwa kidole. Ukasaini ukaniambia asante kwa kunihangaikia. Hilo ndilo linaloniamsha.

Barua ya Machi niliiandika kwa woga. Nilitamani kweli uwe umesahau.

Nimeshapewa barua ya uteuzi, naanza Arusha tarehe mosi Julai. Magreth hajui chochote. Nikisimama mbele ya watu nikasema haya, nitapoteza kazi, na bodi itanifutia usajili. Sijui kufanya kazi nyingine. Sikuombi unionee huruma. Ninakueleza tu kwa nini mpaka leo sijapanda basi.

Nisamehe, dada.

Calvin


Nkoalangwa
30 Mei 2024

Calvin,

Usiniandikie tena kuniomba radhi. Karatasi zimetumika vya kutosha kati yangu na wewe.

Halmashauri imeleta watu wa kusikiliza malalamiko. Watakaa Jumanne tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, ofisi ya kijiji. Nitasema kwamba sahihi ni yangu. Nitasema aliyeichukua ni mdogo wangu, tumbo moja, na nitalitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. Nimeshazoea kusema kwa sauti nisiyoisikia.

Barua yako ya tarehe 20 ningeweza kuwapelekea wakaisoma, ikatosha. Sitaipeleka. Wewe una mdomo, na una masikio mawili mazima.

Mwambie mkeo kabla hajaambiwa na wengine.

Anyesi


Nkoalangwa
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Calvin,

Miezi miwili nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na neno ambalo lingekutendea haki na kunitendea haki mimi pia. Sasa yametokea mambo ambayo ni lazima uyajue, na hakuna mwingine wa kukuandikia.

Kwanza siku ile. Nilikuwa nimeshaitwa mbele, nimefungua kinywa, nikaona watu wote wanatazama nyuma yangu. Nikageuka. Ulikuwa mlangoni, umekonda, shati limekunjamana kwa safari. Ukapita, ukasimama, ukaanza kusema, na mimi sikusikia hata neno moja. Nilitazama midomo yako. Nilitazama Emmanuel akivuta kiti nyuma kidogo kidogo. Nilimwona Dismasi anainuka kwenda nje na simu. Mzee Tajeu alivua kofia, sijui kwa heshima au kwa hasira. Nusura alikuwa anaandika, machozi yanadondokea daftari, wino unaenea, na haachi.

Uliondoka bila kunisogelea. Ulifanya vyema. Siku ile ningekupiga.

Nilisoma daftari nyumbani peke yangu. Yule mama wa halmashauri alikuuliza, "Unaelewa kwamba maneno haya yanaweza kukufunga?" Nawe ukasema, "Naelewa. Andika kwamba chemchemi ipo, andika kwanza hilo, mengine tutayarudia." Nimeusoma mstari huo mara nyingi.

Barua ya halmashauri imekuja tarehe 26 Julai. Ramani imefutwa. Seng'enge iondolewe ndani ya siku kumi na nne, chemchemi ilindwe mita sitini kila upande, klabu irudi nyuma ya ukuta wake wa zamani. Wameshaanza kung'oa nguzo. Kilele wanasema watakata rufaa, wameajiri wakili kutoka mjini, na sisi tumeanza kuchanga. Emmanuel amesimamishwa, anasubiri kuitwa. Bado anapita njiani kifua mbele, anawaambia watu kwamba tumefukuza maendeleo. Wapo wanaomsikiliza. Mama Angel wa pale chini amekataa kuzungumza nami, mwanawe alikuwa ameahidiwa kazi ya ulinzi. Simlaumu. Nawalaumu walioahidi ulinzi wa kitu kilichoibwa.

Miringaringa mitatu haikurudishwa na barua ya mtu yeyote. Mahali ilipokuwa pamebaki mashimo, na maji ya mvua yamekaa humo.

Magreth ameniandikia. Ameniambia uteuzi wa Arusha umefutwa, kampuni imekuachisha, na bodi imekuita mwezi ujao. Ameniambia pia kwamba ulimweleza wewe mwenyewe, siku tatu kabla ya kusafiri, na kwamba alihamia kwa mama yake wiki mbili, kisha akarudi. Sikufurahi kusoma. Nilidhani nitafurahi.

Sasa hili la mwisho. Jumapili iliyopita kijiji kilikaa kupitisha muhtasari wa jambo zima, ili wajukuu wajue. Wakafika kwenye jina lako. Kijana mmoja akasema liandikwe kwamba Calvin Nanyaro ni msaliti na asikanyage tena Nkoalangwa. Wengi wakanyoosha mikono. Mwingine akasema hapana, ndiye aliyetuokoa, liandikwe kwamba alileta ushahidi, yale mengine yafutwe kwa heshima ya mwalimu. Nao wakanyoosha mikono. Mzee Tajeu akawaambia, "Mbona mnagombania mtu wa mwalimu na mwalimu yupo? Mwulizeni." Nusura akaniandikia swali.

Nikasimama. Niliwaambia: "Alinidanganya nikiwa kitandani, akanidanganya tena kwa barua, akakiuza kijiji kwa kiti cha ofisi. Hilo msilifute kwa heshima yangu, sitaki heshima ya namna hiyo. Na alikuja mwenyewe, bila kuburutwa, akasema kweli ikamgharimu mkate wake. Hilo nalo msilifute kwa hasira. Ni mtu mmoja. Yaandikeni yote mawili."

Wakayaandika yote mawili. Yapo.

Mimi sijakusamehe, Calvin. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Asubuhi nikiamka naanza kulitafuta hilo neno, jioni nalala sijalipata. Labda litakuja. Lakini nyumba hii ni ya baba yetu, na mimi si Kilele, sitakuwekea bango.

Ukija, usije na teksi hadi mlangoni. Shukia barabarani, mchana, saa watu wapo. Pita katikati ya Mringeni, na wasalimie mmoja mmoja kwa majina yao. Wapo watakaokuitikia. Wasiokuitikia, wasalimie tena kesho yake.

Dada yako,
Anyesi